Bendi ya wakimbizi wa Sierra Leone na swali la Kigoma: nani apange siku ya kurudi nyumbani?

Wadau, leo naomba tuweke pembeni habari za wabunge na bei ya mafuta, tuongelee filamu. Msikimbie, siasa imo humo humo, tena ya jikoni kwetu kabisa.

Filamu yenyewe inaitwa Sierra Leone's Refugee All Stars. Ilitoka mwaka 2005. Walioitengeneza ni vijana wawili wa Kimarekani, Zach Niles na Banker White, wakiwa na rafiki yao Chris Velan, mwanamuziki wa Canada. Hakukuwa na kampuni kubwa ya Hollywood nyuma yao. Walikwenda Guinea kwenye makambi ya wakimbizi wakiwa na kamera na wazo la kutafuta wanamuziki, wakakuta bendi imeshaundwa na inapiga, wakawa nayo kwa karibu miaka mitatu. Mwaka huo huo ilipotoka ikachukua tuzo kuu ya filamu za maisha halisi kwenye tamasha la AFI kule Los Angeles.

Nimeiangalia zaidi ya mara moja, na kila ikiisha siwazi Freetown. Nawaza Kasulu na Kibondo. Ngoja nieleze.

Vita ya Sierra Leone ilianza Machi 1991, waasi wa RUF walipoingia kutokea upande wa Liberia, na ilitangazwa kwisha Januari 2002. Inakadiriwa watu 50,000 walikufa. Habari za almasi, za watoto kupewa bunduki na za watu kukatwa mikono mnazijua. Charles Taylor wa Liberia alikutwa na hatia kwa kuwasaidia waasi wale, na Mei 2012 akahukumiwa miaka 50. Filamu hii haihangaiki sana na mambo hayo ya wakubwa (na kwa kweli ningependa ihangaike zaidi kidogo, maana mtu asiyejua historia anaweza kutoka akidhani vita ni kama mvua, inakuja tu yenyewe). Inakaa na watu sita hivi.

Reuben Koroma alikuwa mwanamuziki Freetown kabla ya hayo yote. Mwaka 1997, mwaka wa mapinduzi ya kijeshi, yeye na mkewe Grace wakakimbilia Guinea. Kwenye kambi ya Kalia wakamkuta Francis Langba, ambaye wenzake wanamwita Franco, mpiga gitaa. Wakaanza kupiga pamoja kwa vifaa vya kuokoteza. Baadaye shirika moja la misaada la Canada likawapa magitaa makuukuu na vyombo vya sauti vilivyokwisha kula kutu. Hapo bendi ikapata umeme.

Septemba 2000 mambo yakawaharibikia tena. Mpaka wa Guinea ulishambuliwa, na Rais Lansana Conté akahutubia redioni akiwatupia wakimbizi lawama, akataka wakamatwe. Watu waliokuwa wakiishi na majirani zao vizuri tu wakageuka kuwa maadui kwa usiku mmoja, wakapigwa, wakaswekwa ndani. Ikabidi wakimbizi wahamishwe mbali na mpaka, na akina Reuben wakaishia kambi ya Sembakounya, ndani zaidi ya nchi. Kwa hiyo hawa ni watu waliokimbia mara mbili. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mmoja kwenye bendi alikatwa mkono na waasi. Mmoja anasimulia mbele ya kamera mambo aliyolazimishwa kumtendea mwanawe mwenyewe, na mimi sitayaandika hapa, atakaye ataangalia. Kuna kijana yatima, jina la jukwaani Black Nature, anayeimba kwa mtindo wa rap, ambaye Reuben na Grace walimchukua kama mtoto wao. Na Grace mwenyewe yupo, anaimba, na mara nyingi ndiye anayewashika wanaume wale wasisambaratike.

Sasa hao watu wakapakiwa kwenye gari na vyombo vyao, wakaanza kuzunguka makambi mengine ya Guinea wakipiga. Hakuna kiingilio. Wanashusha spika kwenye vumbi, wanaunganisha nyaya, jenereta linakohoa, halafu reggae inaanza. Nyimbo zao nyingi ni malalamiko kuhusu maisha ya kambi, na watu wanazicheza kwa furaha utadhani harusi!

Nimejiuliza sana pale kinachoponya ni nini. Wataalamu wa mashirika wanapenda kusema muziki unaponya, neno limekuwa rahisi mno, ukienda semina yoyote utalisikia kabla ya chai ya saa nne. Ninavyoona mimi, kwa hawa jamaa si muziki peke yake. Kambini mtu anaitwa kwa namba ya kadi ya mgao. Anapangiwa pa kulala, anapangiwa siku ya kupokea unga na mafuta, akitaka kutoka anaomba. Miaka inapita hajaamua jambo hata moja kubwa kuhusu maisha yake. Halafu siku moja anapanda gari na wenzake, anafika mahali ambapo watu wanamsubiri, na akipiga gitaa watu elfu wanaitika. Mtu huyo ameamua kitu. Amekwenda mahali kwa sababu alitaka kwenda. Na wale wanaomsikiliza wanaona mtu wa foleni kama wao amesimama juu.

Pili ni urafiki. Yule aliyekatwa mkono hakai na daktari wa akili kwenye kiti cha ngozi. Anakaa na Reuben na Franco ambao wanajua, na kwa kuwa wanajua hana haja ya kueleza. Kuna nyakati kwenye filamu wamekaa tu, hawasemi kitu. Watengenezaji wangeweza kuzikata zile sehemu, wakaziacha. Nawapongeza kwa hilo.

Haya. Katikati ya filamu linakuja lile swali lenyewe: vita imekwisha, mnarudi lini?

UNHCR walikuwa na utaratibu wao, ambao huku kwetu pia wameutumia, wa kuwapeleka wakimbizi wachache nyumbani wakaangalie hali kwa macho yao, kisha warudi kambini wakawaambie wenzao. Nenda ukaone. Bendi ikapata nafasi hiyo. Ungetegemea washangilie, kumbe wapi. Kwa Franco wazo lenyewe la kurudi ni zito, kwa sababu nyumbani ndiko yalikotokea yale yote. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kuna amani sasa, bunduki zimekusanywa, yeye anakuelewa. Shida yake ni kona fulani ya mtaa fulani ambayo hataki kuiona tena.

Reuben na wengine wakaenda. Barabara ile ya kutoka Guinea hadi Freetown ndiyo moyo wa filamu. Hawaimbi sana njiani. Wanaangalia nje. Wakifika mjini wanawakuta baadhi ya wanamuziki wa zamani wako hai, wanakumbatiana, wanaingia studio na kurekodi nyimbo walizotunga ukimbizini. Kilichotokea baada ya hapo kiliwashangaza wenyewe. Mwaka 2006 albamu yao Living Like a Refugee ikatolewa Marekani na kampuni ya Anti-, wakazunguka matamasha, wakafungulia onyesho la Aerosmith, wakaonekana kwa Oprah. Zikafuata Rise and Shine mwaka 2010, Radio Salone mwaka 2012, na Libation mwaka 2014. Mtu aliyekuwa anapanga foleni ya unga akawa anapanga foleni ya kupanda ndege.

Najua kuna watakaosema hapa: aah, hiyo ni hadithi ya wazungu wameokota Waafrika jangwani wakawatoa. Nakubaliana nanyi nusu. Kamera ilikuwa ya wageni, na bila wale vijana wa Kimarekani bendi ile pengine ingepigia Sembakounya mpaka vile vyombo vife. Ila bendi ilikuwepo kabla ya kamera, nyimbo zilikuwepo kabla ya kamera, na uamuzi wa kurudi au kutorudi haukuwa wa mwongozaji.

Wala sitaki mtu adhani safari ya muziki inaponya kila kitu moja kwa moja. Waangalieni jirani zetu wa Kongo, Staff Benda Bilili, wale wazee wa Kinshasa waliopooza miguu kwa polio na kupanda baiskeli za magurudumu matatu, wakiwa na yule kijana Roger Landu na chombo chake cha uzi mmoja alichokitengeneza kwa kopo. Albamu yao ilitoka 2009, filamu yao Benda Bilili! ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010, Ulaya nzima ikawajua. Mwaka 2013 bendi ikavunjika. Coco Ngambali na Theo Nzonza wakatoka na kuanzisha Mbongwana Star, Papa Ricky akabaki na jina. Watu waliolala barabarani pamoja miaka mingi, hoteli ikawashinda. Kwa hiyo barabara inaweza kuponya, inaweza na kutenganisha.

Sasa twende Kigoma.

Desemba 2012 kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, ilifungwa na Warundi wapatao 35,000 wakarudishwa kwao. Serikali ilisema Burundi kuna amani, na kwenye karatasi ilikuwa kweli. Wengi wao hawakutaka kuondoka. Wakapakiwa, wakaenda. Aprili 2015 Nkurunziza akatangaza kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka, na ndani ya wiki chache watu wakaanza kumiminika Kagunga kwenye ule ufukwe mwembamba wa Ziwa Tanganyika, wakapakiwa kwenye meli MV Liemba kuletwa Kigoma, kisha Nyarugusu. Kati yao walikuwemo watu wa Mtabila. Wale wale! Nyarugusu ikajaa, ikabidi Nduta na Mtendeli zifunguliwe upya.

Yaani tulitumia magari, mafuta, askari na watumishi kuwarudisha watu, na miaka miwili na nusu baadaye tukatumia meli, mahema na chanjo ya kipindupindu kuwapokea tena. Sijui hesabu hiyo ilipigwa wizara gani.

Septemba 2017 ukaanza utaratibu wa kurejea kwa hiari chini ya Tanzania, Burundi na UNHCR, na tangu hapo zaidi ya watu 150,000 wamerudi. Wapo waliorudi kwa moyo mweupe kabisa, wana mashamba, wana ndugu, walichoka kambi. Hao sina ugomvi nao, na Mungu awatangulie. Ila Agosti 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, alitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 watarudishwa watu 2,000 kila wiki. Kila wiki 2,000! Mimi nauliza tu, hivi hiari inawezaje kuwa na idadi ya wiki? Ukishapanga namba kabla ya kuwauliza watu, hiari imebaki kwenye fomu tu.

Na si lazima umshike mtu mkono kumpandisha gari. Mwanzoni mwa 2018 masoko ya pamoja yaliyokuwa yanawakutanisha wakimbizi na wanavijiji yakaanza kufungwa. Mwaka huo huo Tanzania ikajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa kuwapa wakimbizi nafasi ya kujitegemea. Mwaka 2023 WFP kwa kukosa pesa ikakata mgao wa chakula hadi nusu. Mtu anayekula nusu, haruhusiwi kuuza nyanya, haruhusiwi kutoka, ukimuuliza unataka kurudi kwenu atakujibu ndiyo. Jibu hilo mimi nisingelitegemea.

Nitakuwa mwongo nisiposema upande wa pili. Tanzania imebeba mzigo huu toka enzi za Mwalimu, ambaye mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili hiyo. Warundi wa 1972, zaidi ya 160,000, tuliwapa uraia, jambo ambalo nchi tajiri zinazotuhubiria hazijawahi kulifanya kwa kiwango hicho. Wananchi wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wamepoteza misitu kwa kuni, na habari za uporaji barabarani hazikutungwa. Wafadhili wanaahidi Geneva, pesa hazifiki Kibondo. Kwa hiyo hasira ya serikali naielewa. Kenya nao Machi 2021 walitoa amri Dadaab na Kakuma zifungwe, wakataja na Juni 2022 kama mwisho, kisha wakaja kubadilisha mwelekeo na sasa wanaongelea kuzigeuza kuwa makazi ya kudumu. Uchovu ni wa wote.

Lakini rudini kwenye ile filamu. Guinea nayo ilikuwa imechoka. Conté alichoka hadharani, redioni. Wenzetu hawa walichopata ni kitu kidogo tu: gari, ruhusa ya kutoka kambi moja kwenda nyingine, na nafasi ya kwenda kuona kwao halafu kurudi kambini bila kulazimika kuamua siku hiyo hiyo. Hiyo safari ya kwenda na kurudi ndiyo iliyofanya baadhi yao waweze kusema sasa basi, tunarudi. Mtu alirudi akiwa amejiandaa, akijua anakwenda kwa nani na atafanya nini akifika.

Kwetu ingewezekana? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi kwenye eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Fikiria sasa mpiga gitaa wa Kivu aliyeko Nyarugusu tangu mwaka 1996 kambi ilipofunguliwa. Ana bendi ya kanisa au ya kwaya, maana makambi yetu yamejaa wapigaji wa Kikongo, anayebisha aulize Makere. Akialikwa kupiga harusi Kasulu mjini, anahitaji kibali. Kigoma mjini, kibali. Dar es Salaam? Hapo tunacheka wote.

Na ni nchi hii hii iliyompokea Remmy Ongala mwaka 1978, mtoto wa Kindu, akaja kupiga Makassy halafu Super Matimila. Ndala Kasheba alitoka huko huko. King Kiki pia. Hao hawakuja na kadi ya mgao, walikuja na gitaa, wakaingia ukumbini, wakawa wetu kiasi kwamba vijana wengi hawajui kama walizaliwa kwingine. Angekuja leo kijana mwenye kipaji cha Remmy kwa njia ya Uvira na mtumbwi, tungemwandikisha, tungempa hema na sufuria, na tungemwambia asivuke barabara. Baada ya M23 kuichukua Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, vijana kama huyo walivuka mipaka upande wa Burundi, Uganda na huku kwetu. Sijui wangapi walibeba magitaa.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kabla ya familia yoyote kuandikishwa kurudi, mtu mmoja wa familia hiyo apewe nafasi ya kwenda kuona na kurudi, kwa hesabu ya familia, si wale wawakilishi wachache wanaochaguliwa na kupigwa picha. Vibali vya kutoka kambini kwa kazi ya muda, ikiwemo muziki, vitolewe wilayani bila mtu kusubiri miezi. Na ile namba ya wiki isitangazwe tena na waziri yeyote.

Kama kuna mdau yuko Kasulu, Kibondo au Kakonko, au aliyewahi kuishi Mtabila akarudishwa 2012 na kukimbia tena 2015, naomba atuandikie ilikuwaje siku ya kupanda gari, na nani alimuuliza, na aliulizwa kwa maneno gani. Mwenye nakala ya filamu asiifiche, apange na wenzake waiangalie pamoja.